Rivyu: safari ya nusu siku ya vifaru, mweusi na mweupe, Nairobi National Park

Nianze na jibu, maelezo yafuate, juu najua wengine mnasoma hii mkiwa kwa mathree na bando inaisha: inafaa, lipa uende. Nyota nne kwa tano. Hiyo moja nimewanyima kwa ajili ya gari, saa, na kijikaratasi chao ambacho nitakifikia. Dereva ningempa sita kama zingekuwepo.

Ni ile safari ya asubuhi ya kuchangia gari, mnabebwa na van kutoka tao, mnaingia mbugani geti likifunguliwa, mnazungushwa mpaka mida ya saa sita mchana alafu mnarudishwa. Kampuni zinazofanya hivi ziko nyingi sana na nyingi zinauza simba. Hii yetu ilitangazwa tofauti kidogo, ati mtaona kifaru mweusi na kifaru mweupe asubuhi moja na mtaelezwa hali ya kila mmoja ikoje, nani yuko karibu kuisha na nani ana nafuu. Mimi simba nimechoka nao kusema ukweli, kila mtu Nairobi ana picha ya simba amelala barabarani na nyuma kuna maghorofa ya Upper Hill, so nikasema wacha nijaribu hiyo ya vifaru.

Malipo kwanza. Kiti elfu tatu na mia tano kwa M-Pesa, kiingilio cha mbuga unajilipia mwenyewe kwa eCitizen. Lipia hicho kiingilio usiku uliotangulia, tafadhali, getini hawashiki kesh na asubuhi utapata watu wamesimama hapo wanatafuta password huku jua linapanda na wanyama wanarudi vichakani. Kampuni ilitutumia meseji ya kutukumbusha, hapo walifanya poa.

Walipoharibu ni kwa saa. Tulikubaliana saa kumi na moja na nusu pale Archives, na sisi tuliokuja mapema tulikaa tu kwa baridi tukiangalia watu wa mitumba wakifungua mizigo, juu kuna abiria wawili walikua bado wako njiani na hakuna mtu wa kampuni alikua na ujasiri wa kusema gari inaondoka. Wekeni sheria bana. Dakika kumi za kungoja, baada ya hapo mtu atafute njia yake afike geti la Lang'ata. Kwa mambo ya vifaru asubuhi ndio kila kitu, hasa huyo mweusi. Gari nayo paa linafunguka vizuri lakini dirisha la nyuma kushoto limekwama nusu, aliyekaa hapo alipiga picha za mpira wa dirisha tu.

Haya, tuingie mbugani. Mbuga yenyewe si kubwa, kilomita za mraba 117, ilifunguliwa 1946 na ndio ya kwanza Kenya. Ndovu hamna, hiyo waambieni wageni wenu mapema. Lakini vifaru, hapa ni moja ya sehemu rahisi zaidi kuwaona nchi hii, na si bahati tu, ni vile miaka ya themanini serikali iliamua waliobaki wakusanywe sehemu chache zinazolindwa vizuri, na Nairobi ikawa moja yazo. Mpaka leo vifaru wa hapa ndio hupelekwa kuanzisha familia kwingine.

Mweupe tulipata kwanza na hatukuhangaika. Upande wa nyasi fupi kule Athi, watatu, mama na mtoto na mwingine kando kidogo, vichwa chini wanakula tu, gari limesimama hapo na hawana habari. Dereva akazima injini, akasema rangi msahau, wote wawili ni kijivu na wakishagaagaa kwa tope wanakua rangi ya hilo tope, angalieni mdomo. Huyu mdomo wake ni mpana, bapa, wa kufyeka nyasi, ndio maana kichwa kinakaa chini siku nzima na hapo juu ya shingo kuna nundu ya misuli ya kukibeba. Dume kubwa linafika hata kilo 2,300. Mweusi ni mdogo kwake, akienda sana ni kama 1,400, mdomo wake wa juu umechongoka na unashika, anavuta nao matawi na majani, kwa hivyo maisha yake ni ya vichakani na kichwa kiko juu. Alafu angalieni mtoto, akatuambia. Wa mweupe akishtuka hukimbia mbele ya mama, wa mweusi hukimbia nyuma ya mama. Hakumaliza hata kusema, treni ya SGR ikapita kwa ile daraja yake ndefu, wale watatu wakatoka mbio na kweli kale katoto kalikua mbele. Watoto kwa gari walipiga kelele mpaka dereva akawaomba watulie.

Sasa, kulikua na shosho amekuja na wajukuu wake wawili, mwenye maswali kuliko sisi wote. Akamuuliza dereva, "Kijana wangu, kati ya hawa wawili ni nani anaisha?" Dereva akamjibu, "Wote, shosho, lakini si kwa njia moja." Na hapo ndio pesa yangu ilianza kurudi.

Akatueleza vile IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, wana Orodha yao Nyekundu, na kila mnyama amewekwa kwa ngazi. Kifaru mweusi yuko Hatarini Kabisa, ikitoka hapo inayofuata ni ametoweka porini, alafu ametoweka, kwisha. Kifaru mweupe yuko chini sana kwa hiyo orodha, ngazi ya Karibu Kuwa Hatarini, kati yake na mweusi kuna ngazi mbili nzima. Kijana mmoja nyuma yangu akatoa simu, akatafuta ile hesabu ya wanyama ya Kenya ya 2021, akasema lakini boss, hapa inasema weusi 897 na weupe 840, kwani hapo nani yuko vibaya, si hata weusi ni wengi?

Swali zuri sana, na mimi mwenyewe nimesikia watu wengi wakichanganya hapo. Hiyo orodha haiangalii Kenya peke yake, inaangalia dunia, na haiangalii tu wamebaki wangapi, inaangalia wameanguka kutoka wapi na kwa haraka gani. Weusi Afrika nzima walikua kama 65,000 mwaka wa 1970. Kufika 1995 walikua wamebaki kama 2,400. Hapa Kenya peke yake walikua kama 20,000, na mwisho wa miaka ya themanini hawakufika 400. Mnyama akishuka zaidi ya asilimia 80 ndani ya vizazi vitatu vyake, anaingia Hatarini Kabisa hata kama sahii anaongezeka, na kifaru kizazi chake ni kirefu, mimba tu ni karibu miezi 15 na mama akizaa anakaa miaka kabla ya kuzaa tena. Kwa hivyo lile anguko la wakati wa wazazi wetu bado linahesabika. Na sababu ni pembe, zilienda Yemen kutengenezwa mipini ya majambia, zikaenda Asia kwa dawa, na pembe ni kitu ile ile ya kucha zako.

Mweupe yeye aliisha mapema akarudi. Weupe wako aina mbili, wa kusini na wa kaskazini, na mwisho wa karne ya 19 wale wa kusini walikua wamebaki chini ya mia moja, wote Afrika Kusini, pande za Hluhluwe na iMfolozi. Wakalindwa, wakazaana, wakagawiwa nchi zingine. Hawa wetu wa Kenya asili yao ni huko, yaani kifaru wa hapa nyumbani ni mweusi, mweupe ni mgeni amekaribishwa na akazoea. Shosho akacheka akasema mgeni amenona kuliko mwenye nyumba.

Lakini dereva hakuachia hapo, na hii ndio kitu ilinifanya nikae chini niandike. Akasema msidanganywe na hizo ngazi, ziangalieni pamoja na vile hesabu inaenda. Mwaka wa 2012 weupe wa kusini walikua zaidi ya 21,000. Mwisho wa 2021 hawakufika 16,000. Majangili waliingia mbuga ya Kruger na sehemu zingine za Afrika Kusini vibaya sana, mwaka wa 2014 pekee vifaru 1,215 waliuliwa nchi hiyo. Miaka hiyo hiyo weusi walitoka kama 5,000 wakapita 6,000. Kwa hivyo yule mwenye ngazi mbaya alikua anapanda polepole na yule mwenye ngazi nzuri ndio alikua anaporomoka. Mimi nilikua najua mweusi ndio wa kuhurumiwa, basi, sikuwahi kuona hizo hesabu zikiwekwa pamoja namna hiyo. Ile van ingine iliyosimama kando yetu dereva wake alisema tu "rhino hao," watu wakapiga picha, wakaenda. Hiyo ndio tofauti unalipia.

Kenya kidogo tuna cha kujivunia, 2020 hakuna kifaru hata mmoja aliuliwa na majangili, na ukikumbuka 2013 tulipoteza 59 unaona kazi imefanywa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 pia ilikuja na meno, faini ya milioni ishirini kwenda juu ama kifungo cha maisha kwa wanyama walio hatarini.

Sasa mweusi. Huyu alitusumbua. Tulizunguka upande wa msitu kule magharibi, tukateremka mabondeni, tukarudi, kuna mtu alianza kusinzia na shosho akatoa thamosi ya chai na mahamri akagawia gari nzima, Mungu ambariki. Kitu nilipenda ni dereva hakutudanganya, alisema wazi huyu mnyama anapenda kichaka, ana hasira, na saa zile tumechelewa pale Archives ndio saa alikua nje. Hapo baadhi yetu tuliwaangalia wale wawili. Baadaye kabisa ndio tukamuona mmoja ukingoni mwa vichaka vya leleshwa, peke yake, kichwa juu, masikio yanazunguka, sikio moja lina alama imekatwa. Hizo alama hukatwa na maafisa wa KWS, shirika la wanyamapori la serikali, ili kila kifaru ajulikane kwa jina na rekodi yake, sio urembo. Alitupumulia kwa nguvu, akageuka, akaingia ndani. Hata dakika mbili hazikuisha. Kama unalipa ukitarajia mweusi akae akupozie kwa picha, utaumia.

Shosho akauliza kama wamejaa hapa kwa nini wasipelekwe Tsavo kwenye nafasi. Dereva angeweza kuruka hiyo, hakuruka. Akaeleza mambo ya 2018, weusi 11 walitolewa Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo East, maji ya huko yalikua na chumvi nyingi, kumi wakafa na wa kumi na moja akashambuliwa na simba. Wote. Gari lilinyamaza kidogo hapo. Alafu akaongeza kwamba Januari 2024 walijaribu tena, safari hii hifadhi ya Loisaba kule Laikipia, weusi 21 kutoka hapa Nairobi na hifadhi za Ol Pejeta na Lewa, na ile siku ya kuanzia hapa Nairobi kifaru wa kwanza alidungwa dawa ikakataa kumlaza, ikabidi wamuachilie aende zake. Lakini mwishowe walifika. Ni vitu kama hizi ambazo hupati ukijiendesha mwenyewe.

Sasa kijikaratasi. Mnapoingia kwa gari mnapewa karatasi ya rangi, picha ya mweusi upande huu, picha ya mweupe upande ule, na ukweli tano tano. Upande wa mweupe wameandika ati "wamebaki wawili tu duniani." Sasa sisi tumetoka kuona watatu! Mjukuu mmoja wa shosho, mtoto wa kama miaka tisa, ndio aligundua, akauliza, "Kwani tumeona wengine hawajulikani?" Gari lote likaangua kicheko, lakini mtoto yuko sawa na kampuni inafaa kuona aibu. Wenye wamebaki wawili ni weupe wa kaskazini, Najin na binti yake Fatu, wote wa kike, wako Ol Pejeta. Dume la mwisho, Sudan, ambaye ni baba yake Najin, alikufa Machi 2018. Wanasayansi wanatengeneza viinitete vya maabara wakitaka kuvipandikiza kwa majike ya kusini wabebe mimba, na Januari 2024 walitangaza kwamba upandikizaji umeshika kwa mara ya kwanza kwa kifaru, hapo wakitumia kiinitete cha kusini kama jaribio, ingawa yule mama alikufa na bakteria baada ya mafuriko kabla mimba haijaenda mbali. Hao wa kaskazini ni jamaa ya wale tuliona, na hali zao ni mbingu na ardhi. Kuchanganya wa kaskazini na wa kusini kwa karatasi unayouzia watu somo la hali ya wanyama ni uzembe. Dereva alirekebisha kwa mdomo, sawa, lakini watoto wanaenda na karatasi shuleni.

Ile sehemu ya kuchomea pembe tulisimama kidogo tu, na mimi ningeongeza muda hapo na kupunguza wa kutafuta twiga. Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu hapo 1989, na Uhuru 2016 akachoma tani 105, pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za kifaru. Jivu bado liko. Tulipewa dakika za kupiga picha na kujisaidia, basi.

Na hapo karibu juu ya mti kulikua na tai wale wa mizoga wenye mgongo mweupe, wamekaa wamejikunja, hakuna aliyeinua simu. Dereva akasema hao nao wako Hatarini Kabisa tangu 2015, ngazi moja na kifaru mweusi, juu watu wanaweka sumu kwa mizoga wakitafuta kuua simba na fisi na tai ndio wanakula. Hakuna mtu angelipia safari ya tai nadhani, lakini nimekua nikiwaangalia tangu siku hiyo kila nikipita Mombasa Road.

Kwa wale hamna elfu tatu na ushei, Safari Walk iko hapo geti kuu, unatembea kwa miguu kwa daraja za mbao na mweupe utamuona karibu sana, ila ni ndani ya ua na mtu wa kukueleza mpaka umuombe. Sheldrick, kile kituo cha ndovu yatima, pia wana Maxwell, mweusi kipofu aliyeokolewa 2007 ndani ya hii mbuga akiwa mdogo, lakini huko lazima ubuki mapema na muda ni saa moja tu, na watu wengi wanaenda kwa ajili ya ndovu watoto. Kwa kulinganisha hawa wawili wakiwa porini kwao, na mtu wa kukufafanulia, hii ya van ndio naipendekeza.

Nani asiende: mwenye haraka, mwenye kutaka simba kwa lazima, na watoto wadogo sana, juu ile saa ya kutafuta mweusi ni ndefu na nyani wa pale pikniki watawanyang'anya ndizi. Mvua ikinyesha sana usibuki, ule udongo mweusi unameza matairi na mtasukuma. Beba jaketi, beba darubini kama una ya kuazima, kaa upande wa kulia, mbali na lile dirisha lililokwama, na mkipiga simu kubuki ulizeni dereva atakua nani, manake wako wawili na yule mwingine nimeambiwa ni wa simba.